Kamba za Hema la Bibi

Bibi alianza kuuchukia uskauti siku aliposhindwa kuingia jikoni mwake mwenyewe. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba iliyotoka kwenye kitasa, ikazunguka mguu wa meza ya barazani, ikarudi kwenye kitasa, na hapo katikati palikaa fundo kubwa kama ngumi ya mtoto. Alilivuta, likakaza. Alilisukuma, likakaza zaidi. Alipoamua kulikata, alikumbuka kwamba visu vyote vilikuwa jikoni. Ikambidi aende kwa jirani kuazima kisu, na jirani, kama ilivyo kawaida ya majirani, hakukitoa kisu kabla ya kupewa maelezo kamili.

Mwenye fundo hilo alikuwa shuleni wakati huo, akijifunza kugawanya desimali kwa moyo mtulivu. Alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyekuwa muuguzi, na tangu ajiunge na skauti hakuna mtu aliyekumbuka kumwita kwa jina alilopewa alipozaliwa. Aliitwa Fundo. Alifunga ndoo, alifunga miguu ya viti, na mara moja aliufunga mkoba wa mama yake kwa ustadi mkubwa hata muuguzi alipofika wodini aliomba mkasi wa kukatia bandeji ili aweze kutoa kitambulisho chake.

Jioni ile, vyombo vilipokwisha kuondolewa, Bibi alimsimamisha mbele ya meza. Bibi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kila meza aliyoketi nyuma yake iligeuka kuwa meza ya ofisi.

"Mlango wa jiko uliufunga kwa nini?"

"Paka, Bibi. Anaingia anadokoa maziwa."

"Na mimi? Mimi nami nadokoa?"

"Hapana, Bibi. Wewe nilikusahau tu."

Muuguzi alikohoa ndani ya kikombe chake cha chai.

"Usicheke, mwanangu," Bibi alimwambia. "Mtoto huyu kila Jumamosi anakwenda kuchezea kamba, ilhali hesabu zake zinachechemea. Jumamosi zitakuwa za masomo ya ziada. Sare yake nitampelekea fundi cherehani aikate. Kitambaa chenyewe ni kizuri. Kitatoa mfuko wa vibanio vya nguo, na kitakachobaki kitatosha vishikio vya sufuria."

Fundo alihisi kana kwamba mkasi umekwisha kumgusa mgongoni. Hakuna kitu duniani alichokipenda kama sare ile. Aliipiga pasi mwenyewe, aliitundika kwenye msumari ulio karibu na kitanda chake, na asubuhi alipoamka ndiyo aliyoitazama kwanza.

"Bibi, tafadhali. Wiki hii tunakwenda kambini. Njoo uone kwanza. Ukiona hamna maana, basi, nitaivua mwenyewe."

"Kweli, Mama," alisema muuguzi. "Kiongozi wao anatafuta mtu mzima mwanamke wa kuandamana na watoto. Nami niko zamu. Wewe si ndiye unayesema kwamba hukumu haitolewi kabla ya ushahidi?"

Bibi alimtazama binti yake kwa muda, kama mtu aliyepigwa kwa rungu lake mwenyewe.

"Vema. Nitakwenda. Nikiona jambo la maana, utaendelea. Nikiona upuuzi, Jumatatu sare inakwenda kwa fundi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

Kambi ilikuwa kwenye uwanda wa majani, ng'ambo ya shamba la mahindi, karibu na kijito. Kiongozi wa skauti alikuwa kinyozi kwa kazi yake ya siku zote. Wavulana wa kikosi walikuwa na nywele za mtindo mmoja, kwa kuwa Kiongozi aliwanyoa bure, na mtindo wa bure ulikuwa mmoja tu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye filimbi shingoni na sauti ya kuamrisha. Lakini alipomwona Bibi akija kwenye njia ya shambani na sanduku lake mkononi, urefu wake ulipungua. Alikuwa amesoma shuleni kwake.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Naona shati bado hulichomekei nyuma."

Kiongozi alilichomeka haraka. Watoto walitazama pembeni, mabega yakiwatetemeka.

Walikuwa watoto wachache. Mbali na Fundo, alikuwapo Spika, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakujua kunong'ona. Alikuwapo Daktari, msichana aliyetembea na kisanduku cha huduma ya kwanza na kuwatazama wenzake kwa matumaini kwamba mmoja wao ataumia. Na alikuwapo Kijiko, aliyesimamia chakula. Kijiko alikuwa mtoto mnene kila mahali, hata vidoleni.

Kiongozi alimvisha Bibi skafu ya mgeni, kisha akaufunga mkia wake mmoja fundo dogo.

"Hii ni desturi yetu, Mwalimu Mkuu. Kila asubuhi skauti hufunga fundo kwenye skafu. Akishatenda tendo jema, hulifungua. Na jioni hapatakiwi kuonekana fundo kwa mtu yeyote."

"Na huyo mtenda wema humweleza nani?"

"Hamwelezi mtu. Akilitangaza tendo lake, halihesabiki."

Bibi aliichezea ncha ya skafu yake kwa vidole. "Kutojitangaza," alisema taratibu. "Hilo ni jambo la maana."

Fundo, aliyekuwa amesimama karibu akijifanya anahesabu vigingi, nusura aruke. Aliwakusanya wenzake nyuma ya lundo la kuni.

"Jamani, nisikilizeni. Bibi akifurahi, nabaki. Akichukia, Jumatatu mimi ni mfuko wa vibanio."

"Wewe?" aliuliza Spika.

"Sare yangu! Na usipige kelele!"

"SIPIGI KELELE," alisema Spika, na ndege wakaruka mahindini.

"Tutamtunza kama yai," alisema Daktari.

Wakamtunza. Kijiko alimpelekea chai. Kabla hajaimaliza, alimpelekea nyingine, na alipokuwa akiitazama hiyo ya pili kwa mashaka, ya tatu ilikuwa njiani. Spika alimpigia saluti kila alipopita, na kwa kuwa Spika alipita mara nyingi bila sababu, Bibi aliishia kuitikia kwa kichwa tu kama mtu anayesinzia. Daktari alipiga goti mbele ya kiti chake akamfunga bandeji kubwa nyeupe kwenye kidole cha shahada.

"Kidole hiki hakina jeraha, mtoto."

"Bado, Bibi. Hii ni tahadhari."

Kazi kubwa ilikuwa ya Fundo. Yeye ndiye aliyelisimamisha hema la Bibi, hema kuukuu la turubai nzito, lenye nguzo moja katikati na kamba za mkonge pande zote. Kila kamba aliipitisha kwenye kigingi, kisha akaifunga kwa fundo ambalo lilimgharimu miezi ya mazoezi kwenye miguu ya viti vya nyumbani: fundo linaloweza kusogezwa. Ukilisukuma juu, kamba hukaza, ukilishusha, hulegea, ukiliacha, hushika palepale kama limegandishwa.

Bibi alilizunguka hema lote. Aliigonga kamba moja kwa kidole chenye bandeji, ikalia kama uzi wa gitaa. Aliisukuma nguzo. Alirudi nyuma hatua chache akafumba jicho moja.

"Limesimama," alisema.

Watu waliosoma kwa Bibi walijua kwamba neno kama hilo lilitoka kinywani mwake kwa nadra kuliko cheti. Fundo alikwenda kuchota maji huku akiimba.

Baada ya chakula cha mchana mawingu yalianza kujikusanya upande wa kijito. Kiongozi alipuliza filimbi akawaita watoto kwenye uwazi ulio mbele ya jiko. Bibi hakuitwa, alikuwa kitini kwake, macho ameyafumba, kichwa kimeinama upande.

"Haya, kaeni chonjo," alisema Kiongozi akiinua kipande cha kamba. "Mkonge ukilowa hujikaza. Hufanyaje?"

"HUJIKAZA!"

"Ukijikaza sana, ama unang'oa kigingi, ama unachana turubai. Kwa hiyo mvua ikikaribia, skauti mwenye akili hufanyaje? Hulegeza kamba kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza Daktari.

"Vidole viwili."

"Vya nani?" aliuliza Kijiko.

Kiongozi alimtazama Kijiko, akavitazama vidole vyake. "Vyako, mwanangu. Kila mtu na vyake. Nendeni mkalegeze kamba za mahema yenu. Fundo, wewe kimbia kijitoni ukalete masufuria kabla mvua haijayachukua."

Hivyo ndivyo alivyosema. Hakusema hema la Bibi litalegezwa na nani, kwa sababu kwake yeye jambo hilo lilikuwa wazi. Kwa bahati mbaya, lilikuwa wazi pia kwa kila aliyekuwapo, na kila mmoja aliliona kwa namna yake.

Bibi aliamka kitini, akajinyoosha, akasema anakwenda kujilaza. Kambi ikatulia.

Wa kwanza kuibuka baada ya hapo alikuwa Spika. Alikuja kwa ncha za vidole, mkono mdomoni, kwa kuwa hakujiamini. Alilizunguka hema, akashusha kila fundo kiasi cha vidole vyake viwili, akafungua fundo la skafu yake na kuondoka akiwa amevimba kwa fahari isiyotangazika.

Daktari alitokea upande wa mahindi. Aliishika kamba kama anavyoshika mkono wa mgonjwa kutafuta mapigo. Haikuwa imekaza sana, lakini Daktari hakuwa mtu wa kuacha kinga kwa sababu mgonjwa anaonekana mzima. Vidole viwili. Akafungua fundo la skafu.

Kisha akaja Kijiko, na vidole vya Kijiko tumekwisha kuvitaja.

Fundo alikuwa akipanda kutoka kijitoni, masufuria yakigongana mgongoni kama kengele, tone la kwanza la mvua lilipomwangukia puani. Alitazama kambi, na la kwanza alilolitafuta kwa macho lilikuwa hema la Bibi. Lilikuwa limesimama, lakini lilisimama kama mtu aliyeambiwa asubiri huku viatu vimembana. Kamba zake zilikuwa zimening'inia. Upepo mdogo ukavuma, upepo ambao haukuweza hata kuzima kiberiti. Hema lilivuta pumzi. Likainama upande mmoja kwa adabu, kana kwamba linatoa salamu, kisha likalala.

Halafu turubai likainuka katikati, likawa na kichwa, na kichwa kikasema kwa sauti iliyowahi kunyamazisha shule nzima:

"Mtu asiguse kitu chochote! Mlango uko wapi?"

"KULIA, BIBI!" alipaza Spika.

"Kulia kwangu au kulia kwako?"

"Kushoto, Mwalimu Mkuu!" alisema Kiongozi, akitoka mbio jikoni na mwiko mkononi. "Geuka kushoto!"

"Rudi nyuma, Bibi!" alilia Daktari. "Usitembee, unaweza kuvunjika!"

Bibi alikuwa mtu wa kutii maelekezo yaliyo wazi, lakini haya yalikuwa matatu na yalipingana. Akayafuata yote. Turubai lilikwenda kulia, likageuka kushoto, likarudi nyuma likiburuta kamba na vigingi vyake kama mnyama mkubwa mwenye miguu mingi isiyoelewana. Lilipita juu ya moto, moto ukazima. Lilipita jikoni, na maharage yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya jioni yakamwagika majanini.

"Maharage yangu!" Kijiko alipiga kelele, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Bibi, simama! Unakanyaga chakula!"

"Nani huyo ananiamrisha?"

Ni Fundo aliyelifikia. Aliyatupa masufuria, akapiga mbizi chini ya ukingo wa turubai, akatambaa matopeni mpaka akagusa kiatu anachokijua. "Ni mimi, Bibi. Nishike bega. Twende taratibu." Baada ya muda ukingo uliinuka. Kilichotangulia kutoka kilikuwa kidole cha shahada chenye bandeji, ambayo haikuwa nyeupe tena, na kilikuwa kimenyooka. Kikafuatwa na Bibi.

Walimketisha chini ya turubai la jiko, wakamfunika blanketi. Mvua ilinyesha kwa bidii. Hakuna aliyethubutu kuketi.

"Nani alifunga kamba za hema langu?" aliuliza Bibi.

"Mimi, Bibi."

"Basi ushahidi nimeupata. Tena nimeuvaa."

Fundo alitoka mvuani bila kuomba ruhusa, akarudi na kamba moja yenye matope, akaiweka mbele ya kiti cha Bibi.

"Fundo langu halijafunguka, Bibi. Tazama. Limeshika vilevile. Ila lilikuwa huku juu, na sasa liko huku chini kabisa. Limeshushwa."

Kiongozi aliinama akaitazama kamba. Kisha akajisawazisha na kukohoa. "Nani kati yenu aligusa kamba za Mwalimu Mkuu?"

Alimgeukia aliyekuwa karibu.

"Spika?"

"Siwezi kusema, Kiongozi."

"Huwezi kwa nini?"

"Kwa sababu ni jema."

"Lilikuwa jema," alinong'ona Kijiko.

Hapo Fundo akaanza kutazama skafu. Mkia wa skafu ya Spika ulikuwa umenyooka, hauna fundo. Wa Daktari haukuwa na fundo. Wa Kijiko haukuwa na fundo, ingawa ulikuwa na maharage. Kiongozi naye alikuwa akizitazama skafu hizo moja baada ya moja, uso ukimbadilika, na ghafla akaushika mkia wa skafu yake mwenyewe akataka kuuficha ndani ya shati. Bahati mbaya shati lilikuwa limechomoka tena nyuma, na mkia ukatokea upande wa pili.

"Hata wewe?" Bibi alimuuliza.

"Nilifikiri Fundo atachelewa kijitoni, Mwalimu Mkuu. Vidole viwili tu."

"Mimi pia viwili," alisema Daktari.

"VIWILI," alisema Spika.

"Viwili," alisema Kijiko, akaificha mikono nyuma. "Ila vyangu."

Bibi alivuta blanketi. Sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake pa zamani, mbele ya gwaride la asubuhi.

"Kwa hiyo kikosi kizima, pamoja na kiongozi wake, kimepita kwenye kamba zilezile, na hapana hata mmoja aliyefungua kinywa kumuuliza mwenzake: umekwisha kuzilegeza? Kila mtu na wema wake mfukoni! Huo si wema. Huo ni upuuzi. Fundo, tulikubaliana nini?"

"Ukiona upuuzi, Bibi…"

"Ehe?"

Fundo alikuwa ameona kitu. Blanketi lilipovutwa, skafu ya mgeni ilijitokeza kifuani pa Bibi. Mikia yake ilining'inia yote miwili imenyooka. Lile fundo dogo alilolifunga Kiongozi kwa mkono wake halikuwapo.

Tangu chakula cha mchana Bibi alikuwa kitini. Alitoka kitini akaenda kulala. Na kati ya kiti na kitanda hapakuwa na kitu kingine ila hema lenyewe na kamba zake.

Maneno yalimjaa Fundo mdomoni. Neno moja tu, na sare ingebaki kwenye msumari wake. Alimtazama Bibi: viatu vimejaa tope, nywele zimelala upande mmoja, kidole chenye bandeji ya matope bado amekinyoosha imara. Kando yake alisimama Kiongozi, mwanafunzi wake wa zamani, na watoto wa watu wengine, wote wakisikiliza.

Fundo alifumba mdomo. Akaushika mkia wa skafu yake, ambao ndio pekee uliobaki na fundo kambini, akalifungua polepole, akaunyoosha kwa kiganja.

Bibi alimwona.

"Umefungua fundo. Umetenda tendo gani jema hapo uliposimama?"

"Halitangazwi, Bibi."

Bibi alimkazia macho mjukuu wake. Kisha akayafuata macho ya mtoto mpaka yalipokuwa yametua, kifuani pake. Akaushika ule mkia uliowahi kuwa na fundo, akaunyoosha kwa kiganja.

"Kiongozi," alisema hatimaye.

"Naam, Mwalimu Mkuu."

"Ongeza vidole vingine viwili."

"Vya nani, Mwalimu Mkuu?"

"Vyangu."

Kiongozi alikitazama kidole chenye bandeji.

"Nilikusikia ulipokuwa ukifundisha," Bibi aliendelea, akiuelekeza uso wake kwenye mahindi. "Somo lenyewe ulilieleza vizuri. Nikasema moyoni, watoto hawa watasahau, na huyu niliyemfundisha mimi mwenyewe atasahau vilevile. Nikazilegeza kabla sijaingia kulala. Nilipomaliza niliona kamba ni teketeke, nikadhani ndivyo inavyotakiwa. Nami sikumuuliza mtu."

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa Spika, na kicheko cha Spika hakikuweza kufichwa popote. Daktari akamfuata, halafu Kijiko, halafu Kiongozi, aliyegeuka upande wa sufuria tupu akijifanya anachunguza masizi. Bibi hakucheka. Blanketi tu ndilo lililotikisika, na lilitikisika kwa muda mrefu kuliko baridi ilivyohitaji.

Mvua ilipokatika walilisimamisha hema upya. Bibi alitoa amri yake ya kwanza kambini: kuanzia saa ile, anayegusa kitu kinachowahusu wengine na aseme kwa sauti kwamba amekigusa. Aliijutia amri hiyo kabla ya chakula cha jioni.

"Nimegusa kamba ya nyuma!"

"Nimegusa chumvi! Asitie mtu mwingine!"

"NIMEGUSA KIGINGI!"

"Nimegusa paji la uso la Spika! Halina homa!"

Lakini hema lilisimama mpaka Jumapili, na maharage mapya yalikuwa na chumvi ya mtu mmoja.

Kuhusu sare, Bibi hakusema neno. Hakusema njiani wakati wa kurudi, hakusema walipofika nyumbani, hakusema alipomsimulia muuguzi habari za kambi, simulizi ambayo hema lilianguka ndani yake kwa sababu ya upepo mkali. Fundo alisikiliza simulizi hiyo akitazama sahani yake. Aliitundika sare kwenye msumari, ikiwa na tope la kambi kiunoni na magotini, akalala akiitazama.

Jumatatu aliporudi kutoka shuleni, msumari ulikuwa mtupu.

Alitazama chini ya kitanda. Alitazama kapu la nguo chafu. Kisha akatoka mbio uani, kwa kuwa alijua jinsi Bibi alivyo: nguo chafu hawezi kuipeleka kwa fundi, angeifua kwanza, angeianika, na ikikauka ndipo angeikunja na kwenda nayo. Mawingu yalikuwa yametanda. Muuguzi alikuwa amesimama katikati ya ua, ametoka zamu wakati huohuo, mkoba bado uko begani, na alikuwa akitazama chini.

Kamba ya nguo, ambayo siku zote ilipita juu ya vichwa vyao kutoka nguzo ya baraza mpaka ukutani, ilikuwa imelala katika mkunjo mkubwa, ikigusa ardhi. Mashuka ya muuguzi yalikuwa matopeni. Mito ilikuwa matopeni. Na sare ya skauti, ikiwa imefuliwa mpaka kola yake imeng'aa, na mahali pa kifungo kilichopotea kambini pamekwisha kushonwa kingine, ilikuwa imelala kifudifudi kando ya mashuka, mikono imeitandaza.

"Ni nani aliyelegeza kamba ya nguo?" aliuliza muuguzi.

"Nimegusa!" ilijibu sauti ya Bibi kutoka jikoni. "Mvua inakuja, mwanangu! Nimeilegeza vidole viwili, na vingine viwili vya tahadhari, maana imebeba mashuka!"

Muuguzi aliinama akaishika kamba, akaibonyeza kati ya vidole. "Mama, hii kamba ni ya plastiki. Hii hata ukiichovya mtoni haijikazi."

Jikoni sufuria ilifunikwa, ikafunuliwa, ikafunikwa tena.

"Fundo!" aliita Bibi, akichungulia dirishani.

"Abee, Bibi!"

"Jumamosi ukifika, mwambie huyo kinyozi wenu kwamba somo la kamba alilifundisha nusu. Alimalizie. Nami nitakuwapo."

"Jumamosi, Bibi?"

"Kwani Jumamosi imehamia siku nyingine? Na uifue upya hiyo sare. Huwezi kusimama kwenye gwaride na tope kwenye kola."

Fundo aliiokota sare akaikung'uta. Akaitia begani, akapanda juu ya kiti, akaukamata mwisho wa kamba ya nguo na kulisukuma juu fundo alilolifunga mwenyewe mpaka kamba ikalia.

"Nimegusa!" alipaza sauti, na matone ya kwanza yakaanza kuanguka juu ya mashuka ambayo mama yake alikuwa bado anayaokota.